Mshale wa dashibodi unapodanganya: tafuta hitilafu ya waya kabla ya kununua geji mpya

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Dereva anayetoka Dar es Salaam na mzigo wa Tunduma, au anayepanda kutoka Mombasa kwenda Malaba, anategemea mishale mitano au sita iliyo mbele yake: mafuta, joto la injini, presha ya oili, chaji ya betri, upepo wa breki na mwendo. Mshale mmoja ukisema uongo, hasara inayofuata hailingani kabisa na bei ya kitu kilichoharibika. Waya wa nusu mita uliokatika unaweza kuua silinda hedi, na lori lililozimika katikati ya mlima Kitonga si tatizo la mwenye lori peke yake, bali la foleni nzima iliyo nyuma yake.

Miaka michache iliyopita mwenye malori mmoja, rafiki wa familia yetu, aliniomba nikae kikao cha usuluhishi kati yake na dereva wake. Lori lilikuwa likifanya safari za Lubumbashi. Kwa muda wa kama miezi miwili, kila liliporudi, geji ilionyesha robo tangi wakati hesabu ya lita na kilomita ilisema inapaswa kuwa nusu. Tangi lilikuwa la lita 400, kwa hiyo robo moja ni lita 100 za dizeli, na si fedha za kufumbia macho. Tajiri alishakata mshahara mara mbili. Dereva aliapa kwamba hajauza hata lita moja.

Mimi nilisomea uchumi, sikusomea ufundi, kwa hiyo niliuliza swali la mtu asiyejua: nani amepima tangi kwa kijiti? Hakuna aliyepima. Tulipotumbukiza kijiti, mafuta yalikuwa nusu. Ikaja kubainika kwamba miezi miwili nyuma tangi lilishushwa, likapakwa rangi mpya na kurudishwa, na waya wa ethi wa floti ukafungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, hivyo umeme ulikuwa ukipenya kwa shida kwenye nati tu. Fundi alikwangua rangi sehemu ndogo mno, akafunga upya, na mshale ukapanda hadi nusu. Mshahara ulirudishwa, ingawa dereva yule hakukaa sana baada ya hapo.

Makala hii inaeleza namna ya kutafuta hitilafu kama hiyo kwa hatua, ili mwenye gari na dereva wajue nini cha kumuuliza fundi na nini cha kukataa kulipia.

Umeme wa geji unavyosafiri

Geji nyingi za umeme zina njia moja rahisi. Umeme unatoka betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi, unaingia kwenye geji, unatoka kwa waya mmoja hadi kwenye kihisio, kisha unarudi kwenye hasi ya betri kupitia chesisi au bloku ya injini. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wetu wanaiita ethi. Kihisio cha kwenye tangi hujulikana zaidi kama floti, na cha kwenye injini huitwa swichi ya temperecha au swichi ya oili.

Kazi ya kihisio ni kubadili ukinzani, unaopimwa kwa ohmu. Umeme mwingi ukipita, mshale unakwenda upande mmoja, ukipungua, unarudi. Geji haijui kama umeme umepungua kwa sababu mafuta yamepungua au kwa sababu kuna kutu kwenye plagi. Kwake ni kitu kimoja. Sehemu kubwa ya yanayofuata inatokana na hilo.

Geji za zamani zina kipande cha chuma kinachopinda kikipata moto, ndiyo maana mshale wake hupanda polepole ukiwasha ufunguo. Hizo zinahitaji volti zisizobadilika, hivyo magari hayo huwekewa kidhibiti volti nyuma ya dashibodi. Kwenye Land Rover za Series III kidhibiti hicho hutoa wastani wa volti 10. Kwenye Toyota nyingi za zamani kimejificha ndani ya geji ya mafuta yenyewe. Geji zilizokuja baadaye hutumia koili na sumaku, na nyingi kati yake hazihitaji kidhibiti.

Swali la kwanza: ni mshale mmoja au yote?

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, washa ufunguo bila kupiga injini na utazame dashibodi yote. Kama mishale yote imelala na taa za onyo haziwaki, tafuta fyuzi, plagi kubwa ya nyuma ya dashibodi au ethi ya dashibodi. Hakuna sababu ya kugusa tangi wala injini. Kama mshale wa mafuta na wa joto inapotoka kwa pamoja, yote inasoma juu mno au yote imekufa, na gari ni la zamani, mshukiwa wa kwanza ni kidhibiti volti. Kidhibiti kikipoteza ethi yake, geji zote mbili hupata volti kamili za betri na kupanda kupita kiasi. Ukikipima kwa testa ya mshale utaona mshale wa testa ukipigapiga bila kutulia. Usikitupe kwa sababu hiyo, maana ndivyo kinavyofanya kazi.

Lakini kama mshale mmoja tu ndio mbovu na mingine ni mizima, basi ubovu uko kwenye njia ya mshale huo peke yake: geji yake, waya wake, plagi yake au kihisio chake. Fundi anayekuambia ununue dashibodi nzima kwa sababu ya mshale mmoja, mwombe kwanza akuonyeshe vipimo.

Dalili nyingine inayookoa muda ni hii. Washa taa kubwa, kisha indiketa. Mishale ikicheza kwa kufuata indiketa, ethi ya dashibodi ni dhaifu na umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi kupitia geji.

Ethi ndiyo mshukiwa mkuu

Magari yetu yanaoga chumvi ya Mombasa na Tanga, yanakula vumbi, halafu yanaoshwa kwa maji ya pampu yenye nguvu. Kutu huanzia kwenye nati za ethi. Kupima kwa macho hakutoshi, kwa sababu nati inaweza kung'aa juu na kuwa na kutu chini.

Chukua multimita, iweke kwenye volti za DC. Weka ncha moja kwenye hasi ya betri, kwenye nguzo yenyewe na si kwenye kishikio, na nyingine kwenye mwili wa kihisio au nati ya ethi unayoishuku. Ufunguo uwe umewashwa na taa kubwa zinawaka. Ethi nzima itasoma karibu na sifuri, chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Ikizidi mbili ya kumi, fungua, kwangua hadi chuma cheupe, funga, kisha paka grisi juu yake. Grisi inakuja baada ya kufunga.

Angalia pia waya mnene unaounganisha injini na chesisi. Injini imekaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme. Waya huo hufunguliwa wakati wa kushusha injini na mara nyingine husahaulika. Gari bado litawaka kwa kutumia njia za wizi kama kebo ya akseleta, lakini geji zitayumba.

Kuna kosa jingine dogo ambalo hufanywa na mafundi wazuri kabisa. Swichi ya temperecha ya waya mmoja hupata ethi yake kupitia nyuzi za skrubu inayoingia kwenye injini. Fundi akiizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba ili maji yasivuje, anaweza kuikatia ethi. Geji itasoma baridi, au isisome kabisa.

Kujaribu waya na geji bila kubahatisha

Hapa ndipo unapotenganisha ubovu wa kihisio na ubovu wa waya au geji. Chomoa waya kwenye kihisio, ufunguo ukiwa umewashwa. Kwenye Toyota na magari mengi ya Kijapani yenye geji ya kawaida, mshale wa joto unapaswa kushuka hadi baridi na wa mafuta hadi tupu. Sasa gusisha waya huo kwenye ethi safi. Mshale wa joto unapaswa kupanda kuelekea moto, na wa mafuta kuelekea kujaa. Ukifanya hivyo, geji na waya ni vizima, kihisio au ethi yake ndiyo mbovu. Usipotikisika, rudi nyuma kwenye waya na geji.

Usiugusishe waya moja kwa moja kwa muda mrefu. Ni salama zaidi kupitisha kwenye balbu ndogo ya wati 3.4, na vitabu vya ufundi vya Toyota vinaelekeza hivyo hivyo. Balbu hupunguza umeme na kuinusuru geji. Gari la volti 24 litumie balbu ya volti 24.

Kwenye tangi la petroli fanya jaribio hili kwenye plagi iliyo mbali na tangi, kamwe si kwenye mdomo wa tangi lililo wazi, na ukitaka kutoa floti ondoa kwanza kishikio cha hasi cha betri. Cheche moja inatosha. Dizeli ni pole zaidi, lakini tabia nzuri haichagui mafuta.

Kama waya ndio unaoshukiwa, usianze kufungua tepu yote kutoka mbele hadi nyuma. Waya hufa mahali panapojulikana: unapopita kwenye tundu la bati, unapogusana na chesisi, karibu na ekzosi, na kwenye malori yenye kichwa kinachoinamishwa mbele, pale penye bawaba ambapo nyaya hukunjwa kila kichwa kinapoinuliwa. Lori lililopaki siku kadhaa mpakani pia huwa nyumba ya panya.

Floti na vipuri vya mchanganyiko

Biashara ya vipuri vya mtumba imetusaidia sana, lakini kwenye geji imeleta fujo yake. Floti nyingi za Toyota husoma takriban ohmu 3 tangi likiwa limejaa na takriban 110 likiwa tupu. Mfumo wa VDO uliozoeleka kwenye magari na mitambo ya Ulaya huenda kinyume: kama ohmu 10 tupu, kama 180 limejaa. Magari ya General Motors ya Marekani yametumia 0 tupu na 90 limejaa. Ukinunua floti ya mfumo mmoja na kuifunga kwenye geji ya mwingine, kila kitu kitakuwa kipya na kila kitu kitasema uongo. Mshale unaweza hata kupanda kadiri mafuta yanavyopungua.

Kwa hiyo unapokwenda Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka, nenda na floti ya zamani mkononi pamoja na multimita. Inua na kushusha mkono wa floti polepole huku ukipima. Namba zipande au zishuke bila kuruka. Zikikatika katikati, kile kiwaya kinachosuguliwa ndani kimelika mahali hapo, na ndiyo maana mshale huwa mzima tangi likijaa na kufa likifika nusu.

Kutu nako hakuleti kosa la aina moja. Kutu huongeza ohmu. Kwenye mfumo wa Toyota, ohmu zikiongezeka geji inasoma pungufu, na anayeumia ni dereva anayeitwa mwizi. Kwenye mfumo wa VDO geji inasoma zaidi, na lori linazimika porini mshale ukionyesha mafuta yapo. Injini ya dizeli ikishavuta hewa, kuongeza mafuta peke yake mara nyingi hakutoshi. Ni lazima kutoa hewa kwenye mfumo kabla haijawaka.

Jambo la kuongeza hapa ni vifaa vya kufuatilia malori. Baadhi ya wanaovifunga huchovya waya wao kwenye waya wa floti ili tajiri asome mafuta akiwa ofisini. Kifaa kisichofaa kikivuta umeme kwenye waya huo kinabadilisha usomaji wa geji, na tajiri na dereva wote wawili wanapata namba ya uongo. Kama mshale ulianza kuyumba wiki ile ile kifaa kilipofungwa, anza hapo.

Mshale wa joto, na kwa nini baridi ni hatari kuliko moto

Madereva huogopa mshale ukipanda. Wangepaswa kuogopa zaidi ule usiopanda kabisa. Swichi ya temperecha hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: ikiwa baridi ukinzani wake ni mkubwa, ikipata moto unapungua. Maana yake, kutu au waya uliokatika hufanya injini ionekane baridi. Waya uliochubuka na kugusa bodi hufanya injini ionekane imechemka wakati haijachemka. Kosa la pili linakusimamisha bure kwa nusu saa. La kwanza linakuacha uendelee kupanda mlima na mzigo hadi gasketi inaungua.

Kuna hila moja isiyohusu waya kabisa. Swichi hupima maji yanayoigusa. Maji yakishaisha kwenye injini kwa sababu ya mpira uliopasuka, swichi inabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kubaki katikati au hata kushuka wakati chuma kinaungua. Mshale wa joto ukishuka ghafla kwenye mlima mrefu, dereva asifurahi. Asimame, asubiri, asifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Kuipima swichi ni rahisi hata nyumbani: itoe, itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji, unganisha multimita kwenye ohmu na uwashe jiko. Namba inapaswa kushuka mfululizo kadiri maji yanavyopata moto. Ikibaki pale pale, nunua nyingine. Kumbuka tu kwamba magari mengi yana swichi mbili au zaidi zinazofanana kwa macho, moja ya geji na nyingine ya kompyuta ya injini au feni. Kung'oa isiyohusika ni kosa la kila wiki gereji.

Malori ya volti 24

Fuso kubwa, Scania na wenzake wana betri mbili zilizofuatana. Mara nyingi fundi wa redio huvuta volti 12 kutoka betri moja tu, kwa sababu redio ni ya 12. Betri hiyo inachoka, ya pili inajazwa kupita kiasi, na baada ya muda mfumo mzima wa volti unayumba pamoja na geji. Tumia kibadilisha volti kutoka 24 kwenda 12. Si ghali ukilinganisha na betri mbili.

Kabla ya kulaumu geji yoyote, pima chaji injini ikinguruma. Gari la volti 12 lisome takriban 13.8 hadi 14.4; la volti 24 takriban 27.6 hadi 28.8. Ikizidi sana, altaneta inachaji kupita kiasi na balbu za dashibodi zitaendelea kuungua hata ukibadilisha kila wiki.

Geji ya upepo wa breki ni habari tofauti. Kwenye malori mengi ya zamani haina umeme kabisa. Ni mrija mdogo wa upepo unaofika hadi nyuma ya geji, na king'ora chake ndicho chenye waya. Ikisoma chini, sikiliza kama kuna upepo unaovuja kabla ya kutafuta waya. Na geji hii haina mjadala: kama haiaminiki, lori lisiteremke Sekenke wala mlima mwingine wowote.

Taa za onyo zisizowaka

Taa ya oili ikiwaka muda wote, huenda waya wake umegusa bodi, ingawa presha ipimwe kwanza kwa geji ya mkono. Waya huo ukikatika, taa haiwaki tena, na watu hudhani injini ni nzima. Ndiyo maana dereva anapaswa kuiona ikiwaka kila anapofungua ufunguo, kabla ya kupiga stata. Taa ya betri nayo ina siri yake: kwenye magari mengi umeme unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza kukataa kuchaji.

Magari ya kompyuta

Kwenye malori na magari ya karibuni, vihisio hupeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta huzituma kwenye dashibodi kwa nyaya mbili zilizosokotwa. Jaribio la kugusisha waya kwenye ethi lisifanywe hapo, na fundi asitoboe nyaya hizo kwa pini. Mashine ya kusoma makosa itaonyesha joto ambalo kompyuta inaliona. Kama kompyuta inaona nyuzi 90 na mshale umelala, kihisio ni kizima na ubovu uko upande wa dashibodi. Kipimo hicho kimoja huokoa pesa nyingi.

Kuunga waya

Kusokota nyaya mbili na kuzifunga tepu ni matengenezo ya kufika gereji tu, maana tepu hulegea kwa joto na maji yanaingia. Kwa kudumu, unga kwa risasi ya kuchomea au kwa kiungo cha kubana, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko wa zamani. Fyuzi irudishwe ya ampea zile zile. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara imeunguza magari mengi, na waya ukishika moto ndani ya dashibodi huna pa kuushika.

Nyuma ya dashibodi za magari ya zamani kuna karatasi laini yenye mistari ya shaba. Isivutwe. Kaza zile nati ndogo za geji na usafishe miguu ya plagi. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Kwa wenye malori zaidi ya moja, tengenezeni kijiti cha kupimia kwa kila tangi, kilichowekwa alama wakati wa kujaza lita 50 kwa 50. Kipimo kichukuliwe lori likiwa mahali tambarare, dereva na msimamizi wakiwepo wote, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na namba iandikwe kwenye karatasi ya safari kando ya kilomita.